Nani Anamlilia Dereva wa Lori?

Tarehe 9 Desemba 2014, huko Marekani, watu zaidi ya milioni 6 walikaa mbele ya televisheni ili waone mwisho wa mchezo ulioitwa Sons of Anarchy. Mchezo huo ulikuwa umeanza Septemba 2008 katika stesheni ya FX, ukaendelea misimu 7, vipande 92. Siku ile waliona mtu mwuaji amepanda pikipiki ya marehemu baba yake, magari ya polisi yanamfuata nyuma, na lori linakuja mbele. Akaachia usukani. Akanyosha mikono yote miwili kama mtu aliyetundikwa msalabani, akagongwa.

Wengi walilia. Na tangu siku ile, watu waliouona mchezo huo wakikutana husema: Jax alikufa kiume. Jax alilipa madeni yake. Jax alijitoa kwa ajili ya watoto wake.

Mimi nakataa. Nasema kwamba mwisho ule ni uongo uliovikwa nguo za ibada, na kwamba mtungaji wake aliujua ukweli, maana alikuwa ameuonyesha mwenyewe mwaka mmoja kabla, halafu akautupa.

Wasomaji wengine hawakuuona mchezo huu, basi niueleze kwa kifupi. Katika mji mdogo wa Charming, mji wa kubuniwa tu katika jimbo la California, kipo chama cha wapanda pikipiki. Wanachama huvaa vizibao vya ngozi vyenye picha ya mauti mgongoni, wana mwenyekiti na meza kubwa, hupiga kura kwa kila jambo, hata la kumwua mtu. Kwa macho ya watu ni mafundi wenye karakana ya magari. Kwa siri huuza bunduki zinazotoka kwa Waairishi. John Teller, mmoja wa waanzilishi, aliona kabla ya kufa kwamba chama kimepotea njia, akaandika mawazo yake katika karatasi nyingi. Kisha akagongwa na lori barabarani, kwa hila ya rafiki yake Clay na ya mkewe Gemma. Clay akamwoa mjane, akashika kiti cha mwenyekiti. Mwana wa marehemu, Jax, akazikuta karatasi za baba yake, na hapo ndipo mchezo unapoanza. Aliyesoma Hamlet ya Shakespeare atatambua mara moja. Kurt Sutter, mtungaji, hakuficha kwamba alichota huko.

Sisemi kwamba ni kazi ya ovyo. Katey Sagal, aliyecheza Gemma, alipewa tuzo ya Golden Globe mwaka 2011, na aliistahili: sijaona mara nyingi mama wa namna ile, anayependa kwa meno. Tena mchezo haukuficha damu iendako. Katika msimu wa kwanza chama kinataka kumwua Opie, rafiki wa Jax tangu utoto, kwa kumdhania msaliti. Risasi inampata mkewe, Donna, ambaye hakuwa na kosa lolote, na msimu unakwisha kwa maziko yake. Mwanzoni mwa msimu wa 6, Septemba 2013, mtoto mdogo anaingia shuleni na bunduki iliyopitia mikononi mwa chama, anawapiga wenzake. Mtungaji anayethubutu kuonyesha hayo si mjinga.

Ndiyo maana nina haki ya kumdai.

Tazameni mwisho wa msimu wa 6, Desemba 2013. Mwendesha mashtaka wa serikali, mama mmoja aitwaye Patterson, anataka mtu wa kujibu kwa ajili ya bunduki ile iliyoua watoto wa shule. Tara, mke wa Jax, ni daktari. Amechoka, anataka kuwatoa watoto wake wawili katika maisha yale. Na Jax, mwishoni kabisa, anafanya jambo ambalo hakulifanya miaka yote: anakubali kujitoa mwenyewe kwa serikali, afungwe, ili Tara na watoto waende huru. Hakuna muziki mkubwa hapo, wala jua linalozama, wala pikipiki. Kuna mwanamume mmoja, ahadi, na miaka mingi ya gereza inayomngoja. Ataketi chumbani mwake kila siku akijua alilolitenda. Watoto watakua, watakuja kumwona nyuma ya kioo, watamwuliza: Baba, kwa nini? Naye atalazimika kujibu.

Hiyo ndiyo sadaka. Mtu anatoa maisha yake na bado anabaki nayo, anayabeba.

Lakini Gemma anadhani Tara amewasaliti, anamwua jikoni kwa uma mkubwa wa nyama. Jax anaporudi nyumbani anakuta maiti ya mkewe sakafuni. Hata hapo simlaumu mtungaji. Mwisho wa namna hiyo unaumiza kwa haki: mtu ameshika njia nyofu jioni, na dhambi za mchana zimetangulia kufika nyumbani kwake. Kama mchezo ungalikwisha siku ile, nisingaliandika neno.

Haukwisha. Msimu wa 7 ukaja, na ahadi kwa Patterson ikasahauliwa. Gemma anamdanganya mwanawe kwamba Wachina ndio waliomwua Tara, hata anamtaja mtu. Jax anamkamata mtu huyo, anamtesa, anamwua. Kwa uongo huo mmoja vita inaenea mji mzima, watu wanaanguka kila upande, mpaka Bobby, mzee mwenye busara kuliko wote mezani, naye anauawa. Ukweli unakuja kujulikana kwa njia ya Abel, mwana mkubwa wa Jax, mtoto mdogo tu, aliyemsikia bibi yake akinung'unika peke yake. Mtoto ndiye anayemwuliza baba yake kama bibi alimwua mama. Watu wazima wote walikuwa na bunduki, na hakuna aliyekuwa na kinywa. Kisha Jax anamfuata mama yake katika nyumba ya wazee wake, anampiga risasi bustanini kati ya maua ya waridi, na kabla yake amemwua Unser, mzee mgonjwa aliyekuwa askari, ambaye alisimama mlangoni tu.

Sasa tufike siku ya mwisho. Kipande hicho kinaitwa Papa's Goods, na Sutter alikiandika na kukiongoza mwenyewe.

Asubuhi Jax anachoma karatasi. Anachoma za baba yake na zake mwenyewe, zile alizokuwa akiwaandikia watoto wake. Halafu siku ile ile anamwambia rafiki yake Nero kwamba watoto waambiwe ukweli: kwamba baba yao alikuwa mhalifu na mwuaji, wakue wakimchukia. Maneno mazuri! Watu wengi wanayasifu. Lakini hebu fikirini. Ameuchoma ukweli kwa mkono wake, kisha anamwagiza mwingine akauseme. Kazi ngumu kuliko zote, ya kuwatazama watoto machoni na kusema mimi nilimwua bibi yenu, anamwachia Nero na Wendy, watu ambao hawakumwua. Yeye anabusu watoto, anaondoka.

Anakwenda kwa Patterson, anamweleza jinsi Tara alivyouawa na nani aliyefanya. Ninyi mnaosema alilipa madeni yake, simameni hapa kidogo. Yule mama ameketi ofisini mwake. Polisi wako mlangoni. Mahakama iko mjini humo humo. Mtu mwenye deni amefika kabisa mlangoni pa mwenye kudai, ameingia, ameketi, ameongea, halafu ameinuka akatoka. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kutangaza unadaiwa kiasi gani na kukimbia.

Na akitoka anakwenda wapi? Kuua. Siku hiyo hiyo ya sadaka anamwua Mwairishi mkubwa wa bunduki, anamwua Barosky aliyekuwa polisi mla rushwa, anamwua August Marks kwenye ngazi za mahakama yenyewe. Kwenye ngazi za mahakama! Sutter hakuchagua mahali hapo kwa bahati mbaya. Anajua kupanga picha. Anataka tuone kwamba haki ambayo mahakama haikuweza kuitenda, Jax anaitenda nje ya mlango wake. Watazamaji wanashangilia kwa sababu Marks ni mtu mbaya. Ni kweli, ni mbaya. Basi ni nani mezani pa Jax aliyekuwa mzuri?

Chama nacho kimekwisha kupiga kura kwamba Jax afe, maana alimwua mwenyekiti wa tawi lao jingine bila haki. Wenzake wanamwachia aende, wanampiga mwenzao Happy risasi ya mkono ili ionekane walipigana naye. Watu wanafutana machozi, wanakumbatiana. Nakiri kwamba picha hiyo inagusa moyo. Lakini angalieni kinachoguswa: udugu wa watu waliozoea kuamua nani aishi na nani afe kwa kuinua sauti mezani, na sasa wanajionea huruma wenyewe.

Nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Katika mchezo mzima hupita mwanamke mmoja maskini, asiye na nyumba, hatujui ni nani. Siku ya mwisho yuko karibu na mahakama, anakula mkate na divai. Mwishoni, Jax akiisha gongwa, kamera inatuonyesha kando ya barabara: kunguru wanadonoa mkate uliolowa divai, na damu inatiririka mpaka hapo.

Mkate, divai, damu, na kabla yake mikono iliyonyoshwa. Hata mtoto wa katekisimu ataelewa ni nini kilichoazimwa. Nasema kuazimwa kwa adabu tu. Kilichukuliwa bila kuombwa. Sikasiriki kwa sababu mtu wa televisheni amegusa alama zetu. Wachoraji na watungaji wamezigusa karne nyingi, na mara nyingine wametufundisha kuzitazama upya. Nakasirika kwa sababu zimetumiwa kusema kinyume cha maana yake. Yule wa msalabani hakujiua, aliuawa. Hakuwa ameua watu watatu tangu asubuhi. Hakuwakimbia waamuzi, alisimama mbele yao, akahukumiwa kwa yale ambayo hakuyatenda. Jax ameyatenda yote, na anakimbia. Weka watu hawa wawili katika picha moja, na mtazamaji asiyefikiri ataondoka akiamini kwamba kujiua ni kufa kwa ajili ya wengine, na kwamba damu ya mwuaji husafisha kwa kuwa tu ni damu.

Wako vijana wanaoamini hivyo, nao si wa Marekani peke yake. Kijana aliyefanya kosa zito, anayeona aibu ya kuwatazama watu wake, husikia sauti ikimwambia: ukiondoka, watapata raha. Ile sauti ni mwongo mkubwa, na kila mtu aliyefiwa na ndugu kwa njia hiyo anajua raha iliyobaki nyumbani ni ya namna gani. Sasa mpeni kijana huyo picha ya Jax, yenye mwanga mzuri na wimbo mtamu, na uso unaotabasamu.

Halafu kuna yule dereva.

Anaitwa Milo. Ni mzee wa lori tu. Siku chache kabla, alimbeba Gemma alipokuwa akitoroka, akamtendea kwa upole. Lori lake limeandikwa Papa's Goods, ndilo lililokipa kipande jina lake. Huyu mtu hakupiga kura mezani, hakuuza bunduki, hakumjua Jax. Alikuwa njiani na mizigo ya watu. Na yule anayesemwa alijitoa ili asiue tena, katika tendo lake la mwisho kabisa amemfanya mtu asiye na hatia kuwa chombo cha kuua. Kuanzia siku ile Milo atafunga macho usiku na kuona mikono iliyonyoshwa inamjia. Waulizeni madereva wa magari makubwa, au wa treni, waliopatwa na jambo hilo. Wengine hawashiki usukani tena.

Sutter hakumpa hata dakika moja ya kulia. Tunamwona akiona, basi, kisha kunguru. Tena aliyemcheza Milo ni Michael Chiklis, aliyekuwa mchezaji mkuu wa The Shield, mchezo ambao Sutter aliuandikia zamani kabla ya kuanzisha wake. Kwa hiyo wenye kujua walitabasamu walipomwona: loo, rafiki wa zamani amekuja kutusalimu! Ndivyo dereva alivyogeuzwa kuwa salamu ya marafiki, na mtu akatoweka ndani yake.

Wengine watasema: mwalimu, huu ni mchezo tu, hakuna aliyekufa. Vema. Lakini wenyewe hawakutaka uwe mchezo tu. David Labrava, aliyecheza Happy, alikuwa mwanachama wa kweli wa Hells Angels. Sonny Barger, aliyejulikana kuliko viongozi wote wa chama hicho, alitokea ndani ya mchezo zaidi ya mara moja. Waliwaita hao ili watuambie: haya ni ya kweli. Basi tuyapime kwa kweli.

Hells Angels walianza California mwaka 1948, na wapo hata leo. Huko Kanada, katika jimbo la Quebec, wao na chama cha Rock Machine walipigana tangu 1994 mpaka 2002 kwa ajili ya biashara ya dawa za kulevya, wakafa watu zaidi ya 150. Agosti 1995 bomu lililotegwa katika gari mjini Montreal lilimpata mtoto wa miaka 11 aliyekuwa upande wa pili wa barabara, akafa baada ya siku chache. Kiongozi wao, Maurice Boucher, aliagiza askari wawili wa gereza wauawe mwaka 1997. Mara ya kwanza mahakama ilimwachia. Mwaka 2002 ilimhukumu kifungo cha maisha, naye alikufa mfungwa mwaka 2022, kwa kansa. Hakuna aliyemwimbia. Na huko Waco, Texas, tarehe 17 Mei 2015, miezi mitano tu baada ya machozi ya Jax, vyama viwili vya pikipiki vilikutana kwenye hoteli ya chakula, risasi zikalia, watu 9 wakafa, baadhi yao kwa risasi za polisi. Walikamatwa 177. Mwaka 2019 mashtaka yaliyobaki yakafutwa. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Wajane wa siku ile hawana mtu wa kumwuliza.

Ndivyo ilivyo. Katika maisha, wengi wa watu hawa huzeeka gerezani, au huponyoka kabisa na kuendelea kunywa bia. Ni kweli kwamba hadithi haipendezi ikiishia hivyo. Lakini mtungaji aliyeweza kumfanya Jax akubali gereza mwaka 2013 angaliweza kumrudisha katika ofisi ya Patterson mwaka 2014, akae kiti kile, mikono yake ifungwe pingu. Watazamaji wangalinung'unika? Labda. Ningependa kuuona uso wa Abel akiwa na miaka 15, mbele ya kioo cha gereza, akiuliza lile swali lake kwa mara ya pili.

Badala yake tunaachiwa Abel katika gari la Nero, na mkononi anachezea pete ya chama, aliyopewa na bibi yake. Watu huisahau picha hiyo kwa sababu ya lori. Lakini ipo. Sutter aliiweka, kana kwamba mkono wake mmoja haukukubaliana na kile mkono wa pili ulichokuwa ukipamba.

Na amani ile Jax aliyoipanga kabla ya kuondoka, kwamba biashara ya bunduki ihamie kwa chama cha Mayans na watu wake wapumzike? Septemba 2018 ulianza mchezo mwingine, Mayans M.C., unaoendelea baada ya kifo chake. Ulifika misimu 5, mpaka 2023. Sutter alikuwa ameondolewa kazini tangu 2019, wengine wakaumaliza. Humo Mayans na chama cha Jax wamerudi vitani, wanachomeana nyumba na kuzikana. Jina la Jax linatajwa kwa heshima. Milo hatajwi.